SHABA INAPITA, MAHINDI YANABAKI

(Maneno ya karani mmoja wa mgodi mbele ya wafanyakazi na watu wa mji)



Kazi yangu mnaijua: ninaandika mizigo inayotoka mgodini. Mchana ninaandika kamyo za shaba zinazokwenda Kasumbalesa. Jioni mke wangu ananituma sokoni kununua unga wa bukari, na unga ule umetoka Zambia, umepita mpaka uleule. Kamyo zinapishana njiani: shaba inakwenda, unga unakuja. Mwaka 2024 ukame ulipowapiga jirani zetu, wao wenyewe walikosa mahindi ya kutosha. Wamama mliomo humu, hakuna haja niwakumbushe bei ya unga ya mwaka ule.

Wako wanaosema kwamba walimaji wetu ni wavivu. Mimi nakataa. Mjomba wangu analima kijijini, mbali na barabara kubwa. Mwaka mmoja alivuna vizuri, akajaza magunia mpaka nyumba ikawa ndogo. Mvua ikaharibu njia. Kamyo ilipofika, dereva alitaka kwa kila gunia karibu bei yote ya gunia lenyewe. Mjomba akafanya hesabu yake (hakusoma, lakini hesabu anaijua kunishinda) akaacha magunia palepale. Panya walishiba. Mwaka uliofuata alilima shamba la kutosha watoto wake tu. Je, huo ni uvivu?

Sikilizeni vema hapa, maana ndipo penye neno lenyewe. Tani moja ya shaba inauzwa kwa maelfu ya dola. Tani ya mahindi inauzwa kwa mia chache tu. Njia ikiwa mbaya na usafiri ukiwa ghali, mwenye shaba ananung’unika, lakini analipa na faida yake inabaki. Mwenye mahindi hana cha kulipa. Kwa hiyo njia mbaya haiui shaba kwanza. Inaua mahindi kwanza. Na sisi hatuli shaba.

Tazameni mambo ya zamani. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikitoka kusini. Mwaka 1928 reli nyingine ikafika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo. Pale shaba ilishushwa katika treni, ikapakiwa katika masua mpaka Kinshasa, ikashushwa tena, ikapanda treni ya kilometa 366 mpaka Matadi. Kazi ya kushusha na kupakia, mnajua ninyi mabega yenu. Mwaka 1931 reli ya Benguela ikaungana na yetu, na shaba ikaweza kwenda mpaka bahari ya Lobito bila kugusa masua. Vita vya Angola vikaifunga njia ile mwaka 1975. Mwaka uleule reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi katika Zambia, ilimalizwa kujengwa. Reli ya Benguela ikatengenezwa upya, na mwaka 2015 ikafunguliwa tena mpaka Luau, mpakani kwetu.

Mmeona? Kila njia ya shaba ilipofungwa, wakubwa walitafuta nyingine, hata kwa kuvuka nchi tatu. Kwa gunia la mjomba wangu, nani alikwenda kutafuta njia?

Siku hizi jina la Lobito liko katika kila kinywa. Mwaka 2022 Angola iliwapa kompani za nje reli ile kwa miaka 30. Mimi sipingi. Treni moja inabeba mzigo wa kamyo nyingi sana, na barabara zetu zitapumua, na watoto wetu hawatakula vumbi la kamyo kutwa. Lakini reli ya upande wetu, toka Dilolo mpaka Kolwezi, ni ya zamani na treni inakwenda polepole, lazima itengenezwe. Tena tunayo ile reli ya Ilebo. Inapita Kamina, Kaniama na Mwene-Ditu, katikati ya udongo wa mahindi. Juu ya hiyo makelele ni madogo.

Basi, wale tunaowachagua wakija kuomba sauti zetu, tuwaulize hivi. Katika treni mpya, vagoni ngapi zitachukua chakula, na kwa bei gani kwa gunia? Je, zitasimama katika gare ndogo, ama zitapita mbio tu na shaba? Na barabara ya kutoka shambani mpaka gare, nani atailima mvua ikiisha?

Nimemaliza. Yule baba wa nyuma ameinua mkono toka zamani, yeye aseme kwanza.