Kamera ya Macho Mawili

Jioni hii napenda kuzungumza nanyi habari za kamera za kale za macho mawili, maana huonekana mara kwa mara minadani, au katika kabati la marehemu babu, na mwenye kuiokota hajui kama ameokota pambo la meza au chombo cha kazi.

Kamera hii ni sanduku lililosimama wima, nayo ina lenzi mbili, moja juu ya mwenziwe. Ya juu ni ya kutazamia. Nuru iingiayo humo hupiga kioo kilicholazwa mshazari, ikapanda hata kwenye kioo cha ukungu kilichoko utosini mwa sanduku. Na hapo mpiga picha akiinama huiona picha yake kabla hajaipiga, imesimama sawasawa, ila kulia kumekuwa kushoto. Lenzi ya chini ndiyo ipigayo. Hiyo ina kilango cha majani membamba ya chuma, na nyuma yake ndiko iliko filamu.

Masanduku ya macho mawili yalikuwako tangu karne ya 19, lakini yalikuwa makubwa mno. Kiwanda cha Franke & Heidecke cha mji wa Braunschweig, Ujerumani, ndicho kilichoifanya kamera hii kuwa kitu cha kuvaliwa shingoni, kilipotoa Rolleiflex mwaka 1929. Baadaye Wajapani walitengeneza Yashica na Mamiya, na Wachina wakatengeneza Seagull. Vivian Maier, aliyekuwa yaya wa watoto huko Chicago, alizunguka na Rolleiflex njiani miaka mingi, wala hapana aliyeijua kazi yake mpaka masanduku ya filamu zake yalipouzwa mnadani mwaka 2007.

Nami naipenda kwa sababu moja ya adabu. Mpiga picha wa kamera hii hamkodolei mtu macho. Huinamisha kichwa kama mtu aamkiaye mkubwa wake, na kilango chake hakina kelele. Wazee wasiopenda kupigwa picha nimewaona wakituliza nyuso zao mbele yake.

Lakini ina hila yake, nami nilijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua moja, ngozi yang'aa, kioo cha juu safi kama maji ya mtungi. Nikaenda nayo kwa shangazi yangu, mtu mzima sana, nikamkuta barazani kivulini akisuka ukili. Nikampiga filamu nzima, yaani picha 12. Kila mara nilimwona kiooni waziwazi, hata mishipa ya mikono yake. Filamu iliposafishwa ilitoka nyeusi, na sura yake imetapakaa kama moshi. Mafuta ya miaka mingi yalikuwa yameganda katika vigurudumu vya kilango, kikawa kikifunguka hakifungi upesi. Sauti ya kukawia kwake niliisikia, ila nilidhani ndiyo desturi yake. Shangazi alifariki kabla sijarudi.

Basi atakaye kununua asidanganywe na jicho la juu. Alichunguze la chini. Kamera ikiwa haina filamu, fungua mlango wa nyuma, weka kilango kwenye sekunde moja, kaza, elekeza kwenye mwanga, ufyatue. Yapasa uvume kama nyuki, ukihesabu moja, ufunge. Ukijikokota au ukikwama katikati, toa bei ya fundi katika bei ya muuzaji. Usitie mafuta hata tone moja, maana hutambaa mpaka kwenye majani ya kilango yakagandamana. Wala usiguse kile kidude cha kukawiza kilango ili mpiga picha akimbie naye aingie pichani. Katika kamera za kale kikikwama, kilango chote hukwama nacho.

Kisha fungua tundu lote, umulike kurunzi kupitia lenzi. Ukiona nyuzi kama mizizi au utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na ikikaa sana huila lenzi yenyewe. Sisi watu wa pwani tuna adui huyu zaidi ya wengine, na mfuko mzuri wa ngozi uliokuja na kamera ndio nyumba yake, maana hushika unyevu. Mfuko utundike ukutani. Kamera iwekwe pakavu penye hewa. Kioo cha ndani kilichofifia kisikutishe, hicho hubadilishwa bila taabu kubwa.

Uliza pia ni filamu gani. Ile iitwayo 120, iliyoanza mwaka 1901, yatengenezwa hata leo Uingereza, Marekani na Ucheki. Lakini kamera nyingine, kama Kodak Reflex, zilitaka 620, ambayo iliachwa kutengenezwa mwaka 1995. Upana wa filamu ni ule ule, kigurudumu chake tu ni chembamba, hivyo mwenye subira aweza kuihamisha gizani kutoka kigurudumu hiki hata kile. Mimi sina subira hiyo.

Tena neno moja kwa aliyeachiwa kamera na marehemu. Kabla hujafungua mlango wa nyuma, zungusha mkono wa filamu taratibu. Ukiona uzito, kuna filamu ndani, na nuru ikiingia itaharibu kilichomo. Endelea kuzungusha mpaka uzito uishe kabisa. Huenda ukahitaji kufyatua baada ya kila mzunguko ili mkono ukubali kwenda. Kisha ingia mahali penye giza, fungua, ulifunge gombo kwa karatasi yake, umpelekee msafishaji aliyezoea filamu za zamani, ukimwambia ni ya miaka mingapi kwa kadiri ujuavyo.