Majina Ukutani: Neno la Kwaya Siku ya Jubilei

 

 Karibuni katika jubilei yetu ya miaka 25.

Tulipoanza kuandaa kijitabu hiki, tulitaka ukurasa mmoja wa majina ya walioanzisha kwaya. Tulidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe daftari la kwanza lililiwa na mchwa zamani. Tuliketi na wazee wetu Jumamosi tatu, tukapata majina 14. Wengine walikumbukwa kwa sauti zao tu. Kulikuwa na baba mmoja wa besi aliyekuja mazoezini kwa baiskeli, mvua au jua. Jina lake hakuna aliyelikumbuka. Tulisikia aibu.

Ndipo tukakumbuka habari za mji wa Faras.

Faras ulikuwa mji wa kale wa Nubia, kando ya Mto Nile, kaskazini mwa Sudan ya leo, karibu na mpaka wa Misri. Zamani uliitwa Pachoras. Wanubi, Waafrika wenzetu, walipokea Injili katika karne ya 6, yapata miaka 1,300 kabla ya Krapf kufika Mombasa mwaka 1844.

Mji huo ulikuwa na maaskofu wake. Mwaka 707, wakati wa Askofu Paulos, kanisa kuu lilijengwa upya. Kuta zake zilichorwa malaika, watakatifu, wafalme na maaskofu. Katika picha moja yupo Askofu Petros, wa mwishoni mwa karne ya 10, mwenye ngozi nyeusi kama yetu. Nyuma yake amesimama Mtume Petro, wajina wake, kama mlinzi.

Na ndani ya kanisa hilo iliandikwa orodha ya maaskofu 27, mmoja baada ya mwingine, pamoja na miaka ya utumishi wao.

Baadaye Ukristo ulififia huko, na mchanga wa jangwa ukalijaza kanisa. Kisha Misri ikaanza kujenga bwawa kubwa la Aswan. Wataalamu kutoka Poland, wakiongozwa na Kazimierz Michałowski, walichimba hapo kati ya mwaka 1961 na 1964. Waliondoa mchanga, wakabandua picha zaidi ya 100 kutoka ukutani, na zikagawanywa kati ya Khartoum na Warsaw. Kisha maji yakapanda. Leo Faras uko chini ya ziwa.

Ndugu zetu, mji umezama lakini maaskofu wake tunawajua, kwa sababu kuna mtu aliyechukua wino akaandika. Wala si maaskofu peke yao. Mapadri na mashemasi nao waliandika majina yao na maombi yao katika kuta zile.

Sisi hatukufanya hivyo. Mungu anayo majina ya watumishi wake wote. Tunaosahau ni sisi. Na kwaya inayosahau waliotangulia itawafundisha watoto wake kusahau pia.

Kwa hiyo leo, kwenye meza iliyo karibu na mlango, tumeweka daftari jipya lenye jalada gumu. Kama uliwahi kuimba nasi, hata kwa mwezi mmoja, andika jina lako, sauti yako na mwaka uliojiunga. Kama mama yako au babu yako aliimba na amekwisha kulala, mwandikie. Walioshona sare na waliotupikia chai wakati wa mazoezi, nao waandikwe.

Na kama kuna anayemjua yule baba wa baiskeli, tafadhali asiondoke kabla hajatuambia. Ukurasa wa kwanza una mistari 15. Mmoja tumeuacha wazi kwa ajili yake.



Katibu, kwa niaba ya wanakwaya wote