Spika Hupimwa kwa Wimbo Unaoujua

Siku moja nilihudhuria mkutano wa hadhara Msangano, wilayani Momba. Kijana wa mitambo alijaribu spika zake kwa wimbo uliotoka wiki ile. Besi ikatikisa ardhi, watoto wakacheza, naye akaridhika. Bwana shamba aliposhika kipaza sauti, tulisikia mvumo tu. Wazee na akina mama waliokaa nyuma waliondoka wakiulizana mbegu zitagawiwa siku gani.

Kosa lilikuwa wapi? Wimbo mgeni haukuambii kilichopungua, kwa kuwa hujui ulivyopaswa kusikika.

Mimi hutumia "Shida" wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979. Nimeusikia tangu utoto. Najua gitaa linavyolia na maneno yanavyotamkwa. Maneno yakimezwa, napunguza besi kabla mgeni rasmi hajafika.

Hata Mjerumani Karlheinz Brandenburg, alipokuwa akishughulikia mfumo wa MP3, aliupima kwa "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, wimbo wa sauti tupu bila ala. Sauti ya mtu ikiwa peke yake, kasoro haina pa kujificha.

Basi ndugu fundi, weka wimbo unaoujua, kisha tembea hadi watakapokaa watu wa mwisho, usikilize. Halafu mwombe mwenzako aseme maneno machache kwenye kipaza sauti. Ngoma ikikosa besi, watu watacheza hivyo hivyo. Mkutano ukikosa maneno, kuna shamba litakalokosa mbegu.