Nani Aruhusiwe? Kuifikia Kanzidata kutoka Mbali



Jambo nitakalolizungumzia kwa kawaida huachiwa fundi alifanye peke yake, jioni, ofisi zikiwa zimefungwa: kuiwezesha kompyuta iliyo mbali kusoma na kuandika katika kanzidata iliyomo kwenye seva. Hoja yangu naiweka wazi mapema ili mnipime nayo. Anayebonyeza vitufe ni fundi, lakini uamuzi wa nani aaminiwe, na kwa kiasi gani, ni wa uongozi. Kila ruhusa iwe na jina la mtu, mahali anapotokea, na mpaka wa anachoweza kufanya.

Tuchukue Mikese. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, kilometa kama 30 kabla ya kufika Morogoro mjini. Kiutawala Mikese iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, ambayo makao yake makuu yapo Mvuha, huko kusini, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru. Sasa tuseme Mikese kuna kituo cha afya chenye seva moja ndogo katika chumba cha nyuma na kompyuta tatu: mapokezi, maabara na dirisha la dawa. Mfano huu ni wa kufikirika, ila aliyefanya kazi wilayani hatauona mgeni. Mfamasia wa wilaya, aliyeko Mvuha, anataka kujua akiba ya dawa za malaria imebaki kiasi gani, bila kusubiri karatasi iletwe. Haja yake ni halali kabisa. Tumfungulieje?

Swali la kwanza

Kabla ya kugusa seva, tuulize kama mtu wa mbali anahitaji kuifikia kanzidata yenyewe. Mfumo wa DHIS2, uliozaliwa katika kazi za Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika nchini kwa taarifa za afya, una jibu zuri. Mtumiaji hufungua kivinjari na kuzungumza na programu. Programu ndiyo inayozungumza na kanzidata, nayo kanzidata hubaki nyuma bila kuonekana. Ikiwa mfamasia anataka ripoti tu, apewe ripoti. Njia ya moja kwa moja iachwe kwa kazi isiyowezekana bila hiyo.

Njia yenyewe

Tukiridhika kwamba anaihitaji, tutumie PostgreSQL kama mfano. Kanzidata hii asili yake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na haina ada ya leseni, jambo lenye maana kwa taasisi zenye bajeti ndogo. Ukiisakinisha upya, haimsikilizi yeyote isipokuwa programu zilizomo ndani ya mashine ileile. Huo ni msimamo salama wa kuanzia.

Kufungua kuna hatua zake. Ya kwanza ni kuipa seva anwani isiyobadilika, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa anwani nyingine, na kesho yake dirisha la dawa halioni kitu. Ya pili ni kuitaja anwani hiyo katika mpangilio wa listen_addresses, kisha kuiwasha upya huduma ya kanzidata. Bila kuiwasha upya, badiliko hili halifanyi kazi. Ya tatu ni faiwoli: poti 5432 ifunguliwe kwa anwani zinazohusika tu. Ya nne ndiyo kiini cha mhadhara huu, faili liitwalo pg_hba.conf. Tuutazame mstari wake mmoja:

hostssl  kituo  mfamasia  10.8.0.6/32  scram-sha-256

Neno la kwanza linadai kila kinachopita njiani kisimbwe, asiyehusika asiweze kukisoma. La pili ni jina la kanzidata. La tatu ni mtumiaji mmoja. La nne ni anwani moja tu, ile ya kompyuta ya mfamasia ndani ya mtandao binafsi pepe (VPN). La mwisho ni namna ya kuthibitisha nywila bila nywila yenyewe kusafiri kwenye mtandao. Sasa uwekeni kando ya huu:

host  all  all  0.0.0.0/0  trust

Mstari huu unasema kanzidata yoyote, mtumiaji yeyote, kutoka popote duniani, bila nywila. Fundi huuandika akiwa amechoka, anajaribu tu, akisema ataufuta baadaye. Na seva husoma faili hili kutoka juu kwenda chini, ikishika mstari wa kwanza unaolingana na ombi. Mstari mpana ukitangulia, mistari yote makini iliyo chini yake ni mapambo.

Ndani ya kanzidata mfamasia apewe kiasi cha kazi yake: GRANT SELECT ON akiba_ya_dawa TO mfamasia. Asome jedwali la akiba. Majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao hayamhusu.

Dalili na tiba

Mengi ya makosa haya huzaliwa pale muunganisho unapogoma na fundi, asijue kizuizi kiko wapi, akafungua kila kitu. Seva hutoa dalili zinazotofautiana, na asomaye dalili hana sababu ya kufungua ovyo. Ombi likikataliwa papo hapo, aghalabu seva haisikilizi kwenye anwani hiyo. Rudi kwenye listen_addresses. Ombi likining'inia kimya hadi muda uishe, kagua faiwoli au njia ya mtandao. Seva ikijibu kwamba hakuna mstari kwa anwani hiyo, mtandao ni mzima na tatizo limo ndani ya pg_hba.conf, sahihisha, kisha iamuru seva ilisome faili upya, bila hata kuizima. Ikilalamikia nywila, usiguse kingine chochote.

Kuna kikwazo kinachowasumbua sana wa vijijini. Ofisi nyingi hutumia modemu za mitandao ya simu, na mara nyingi modemu hizo hazina anwani ya umma ya peke yake, hivyo ombi linalotoka nje halina pa kufikia. VPN hulimaliza hili kwa kuwa seva na mfamasia wote huanzisha safari kutoka ndani na kukutana mahali panapoaminika. Tena poti ya kanzidata haionekani kamwe kwenye intaneti.

Gharama ya mlango wazi

Dunia imekwisha kupata funzo. Januari 2017, maelfu kwa maelfu ya kanzidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa, na mahali pake ukaachwa ujumbe wa kudai fedha. Wavamizi hawakuhitaji ujuzi wa ajabu. Walitafuta poti iliyo wazi wakaingia. Mwaka huohuo toleo la 3.6 likaja likiwa limefungwa tangu kusakinishwa.

Kwetu sisi kuna sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na anayezikusanya anawajibika kuzilinda. Mama aliyepimwa Mikese alimweleza muuguzi siri yake kwa imani. Hakuridhia isomwe na mtu asiyemjua, kwa sababu tu mstari mmoja wa majaribio ulisahaulika.

Ndugu zangu mafundi, kesho mkirudi kazini fungueni faili hilo, mlisome mstari kwa mstari. Kila mstari uulizwe: ni wa nani, anatokea wapi, anafanya nini, na nani aliidhinisha? Usioweza kujibu, ufuteni. Nanyi wakuu wa taasisi, msiwaachie mafundi mzigo huu peke yao: idhinisheni kila ruhusa kwa maandishi, na mtu anapohama kituo, ruhusa yake ifungwe siku hiyohiyo.