Kwa Nini Mkulima Akubali Kukaguliwa?



Kahawa ya Uganda hupita hapa Malaba kwenda Mombasa. Kule Mbale, wakulima wadogo wa Mlima Elgon wameunganisha vyama vyao katika Gumutindo, nao huuza kahawa yenye alama ya Fairtrade. Mbona wanakubali mashamba yakaguliwe? Kwa kuwa mwaka 2023 Fairtrade iliweka bei ya chini ya kahawa ya arabika iliyooshwa: chama kilipwe dola 1.80 kwa ratili, hata soko likianguka. Juu yake kuna senti 20, na wanachama hupiga kura zitumikeje. Lakini alama peke yake haiuzi gunia. Sharti mnunuzi apatikane.

Mkulima aliye peke yake hupangiwa bei. Je, sisi mishahara yetu? Basi lipeni ada, njoni mkutanoni.