Ujira wa Wakili kwa Aliyeishinda Serikali



Tumetakiwa tuseme machache juu ya sheria moja ya Marekani. Yatuhusu sisi watumishi wa Serikali kuliko idhaniwavyo, kwa kuwa sisi ndio tushikao kalamu ombi la mtu linapokataliwa.

Huko Marekani mtu aliyelemaa hata asiweze kufanya kazi huomba malipo kwa Idara ya Hifadhi ya Jamii. Akikataliwa, husikizwa na hakimu wa idara, kisha hukata rufani katika baraza la idara iyo hiyo. Na akishindwa huko ndipo aruhusiwapo kuishtaki Serikali katika mahakama ya shirikisho. Yeye hana mshahara, na upande wa pili una mawakili walipwao kwa fedha ya kodi. Tena desturi ya nchi ile, tofauti na ya Uingereza, ni kila mtu kumlipa wakili wake, ashinde ashindwe. Basi wengi walikuwa na haki wasiyoweza kuidai.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1980, Bunge lao lilitunga sheria ya kuwapa watu usawa wa kuifikia haki. Ilianza kutumika Oktoba 1981, na mwaka 1985 ikafanywa ya kudumu. Yasema kwamba mtu akiishinda Serikali, Serikali imlipie ujira wa wakili, isipokuwa ionyeshe kwamba msimamo wake ulikuwa na sababu za kutosha. Angalieni, mabwana na mabibi, ni Serikali itakiwayo kuonyesha, si mlemavu.

Katika kesi ya Pierce na Underwood, mwaka 1988, Mahakama ya Juu ilieleza kuwa sababu ya kutosha ni ile iwezayo kumridhisha mtu mwenye busara. Kwa hiyo Serikali yaweza kushindwa na bado isilipe. Wako wailaumuo kanuni hii. Sisi twaona si mbaya, maana yako mambo yenye shaka ya kweli. Walakini hapimwi wakili wa Serikali peke yake kwa maneno aliyoyasema mahakamani. Hupimwa pia kazi ya idara tangu mwanzo. Cheti cha daktari kikiachwa pasipo kutajwa katika uamuzi, ni taabu kuutetea. Na fedha hiyo hutoka katika fungu la idara iliyoshindwa.

Mara nyingi mahakama haimpi mtu malipo yenyewe, bali hutengua uamuzi na kulirudisha shauri kwa idara. Je, huyo ameshinda? Katika kesi ya Shalala na Schaefer, mwaka 1993, ilijibiwa kuwa ameshinda, ijapokuwa hajapokea hata senti moja. Lakini ombi la ujira lipelekwe katika siku 30 tangu hukumu kuwa ya mwisho, yaani baada ya siku 60 za rufani kupita, pamoja na hesabu ya saa za kazi. Mwombaji asiwe na mali zaidi ya dola milioni 2, sharti lisilomsumbua mtu tunayemsema. Kiwango tangu mwaka 1996 ni dola 125 kwa saa, na mahakama yaweza kukiongeza kwa kupanda kwa gharama za maisha.

Iko sheria nyingine impayo wakili, kwa kazi ya mahakamani, hadi asilimia 25 ya malimbikizo ya mteja. Hawezi kula huku na huku. Tuseme malimbikizo ni dola 40,000, na wakili amepewa 10,000 humo; ikiwa Serikali nayo ilimlipa 6,000, sharti amrudishie mteja hizo 6,000, iliyo ndogo kati ya mbili. Mlemavu atakuwa ametoa 4,000 tu.

Latusikitisha jambo moja. Mwaka 2010, katika kesi ya Astrue na Ratliff, majaji wote walikubaliana kuwa ujira huo ni mali ya mteja, si ya wakili. Basi Serikali yaweza kwanza kukata humo deni inalomdai mteja. Maskini mara nyingi ana deni, na wakili aweza kufanya kazi akaondoka mikono mitupu. Ndiyo maana mawakili wengi huwatia wateja sahihi mapema ya kuwahawilishia fedha hiyo, na mara nyingi, deni lisipoonekana, Serikali huikubali hati hiyo na kumlipa wakili mwenyewe.