Herufi Ndogo Kando ya Mkono wa Gia
Mazungumzo kwa wakazi wa kata za Wilaya ya Hai



Wilaya ya Hai ni wilaya ya mteremko. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro uko mita 894 juu ya usawa wa bahari. Lango la Machame, ambako wapanda mlima huanzia safari yao, liko karibu mita 1,800. Baina ya sehemu hizo mbili kuna nyumba, shule, makanisa, misikiti, zahanati na magenge ya ndizi, na katika kata za juu karibu kila gari huegeshwa mahali ambapo likiachiwa litateremka lenyewe. Chini yake hapakosi kitu: ukuta wa jirani, mama na beseni lake la maparachichi, watoto watokao shuleni. Vinavyolizuia gari hilo ni breki ya mkono na gia. Habari za breki ya mkono husemwa mara nyingi. Gia haisemwi sana, na hasa haisemwi njia ambayo gari humjulisha dereva kwamba gia aliyoikusudia ndiyo iliyoingia.

Magari ya zamani yalimjulisha kwa kiganja. Land Rover za Series II na Series III, ambazo wazee wengi wanazikumbuka, zilikuwa na mikono mitatu sakafuni. Mmoja ulikuwa wa gia nne za kawaida. Wa pili, wenye kichwa chekundu, ulichagua gia nzito za kupandia mlima. Wa tatu, wenye kichwa cha manjano, uliunganisha magurudumu ya mbele. Maelezo yalipigwa chapa kwenye vibao vya bati mbele ya dereva, na taa ya kuonyesha gia haikuwapo. Dereva alijua gia kwa umbali ambao mkono umesafiri na kwa mlio wa injini. Peugeot 404 nayo mkono wake wa gia ulikuwa kwenye nguzo ya usukani. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na 1967 akiendesha gari la aina hiyo, na mashindano yale yalikwenda usiku na mchana.

Elimu ya kiganja ina upungufu mmoja: haihami kwa urahisi kutoka gari moja hadi jingine. Katika baadhi ya magari ya gia za mkono, rivasi iko kando ya namba moja. Katika mengine iko chini ya namba tano. Mchoro uliochongwa juu ya kichwa cha mkono wa gia ndio unaomwokoa dereva aliyeazima gari, na mchoro huo ukifutika kwa jasho la miaka mingi, anayekusudia kwenda mbele anaweza kurudi nyuma. Rangi nyeupe kidogo, hata ile ya kucha, ikipakwa ndani ya mchongo na kufutwa juu, hurudisha mchoro mahali pake.

Magari ya otomatiki yalileta tatizo la namna nyingine. Mwaka 1940 kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari ya Oldsmobile yenye giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic. Nafasi zake zilipangwa hivi: N, D, L, R. Nafasi ya P haikuwapo. Aliyetaka kuegesha alizima injini na kuuacha mkono kwenye R. Lakini R ilikaa jirani na L, yaani rivasi ilipakana na gia nzito ya kwenda mbele, na kosa la sentimita chache liligeuza mwelekeo wa gari zima. Baadaye, kwa sheria ya usalama iliyoanza kutumika mwaka 1968, Marekani iliagiza kwamba nyutro ikae baina ya rivasi na gia za kwenda mbele. Mpangilio wa P, R, N, D unaoonekana leo katika Noah, IST au RAV4 ya Bomang'ombe ni wa mkondo huo.

Hapo ndipo taa ilipopata umuhimu. Katika otomatiki mlio wa injini hautoshi kumwonyesha dereva tofauti ya N na D gari likiwa limesimama, na mkono huteleza katika mstari ulionyooka, si katika njia za kushoto na kulia zinazokumbukwa na kiganja. Inabidi macho yasome. Watengenezaji wakaweka kibao chenye herufi zinazopitisha mwanga, na chini yake balbu ndogo, mara nyingi yenye kikofia cha kijani.

Balbu hiyo huwaka taa ndogo za gari zinapowashwa. Uzi wake ni mwembamba, na mtikisiko wa barabara za vumbi pamoja na joto huukata. Kwa kuwa gari linaendelea kutembea kama kawaida, hakuna anayeishughulikia. Ni jambo la kushangaza kidogo kumwona mtu akilipia redio yenye kioo kikubwa na kuacha gizani herufi zinazomwambia kama gari lake litakwenda mbele au nyuma. Kazi yenyewe si kubwa: fundi umeme wa magari hufungua kifuniko cha kando ya mkono wa gia, huchomoa kishikio na kuweka balbu nyingine.

Kuna sababu nyingine ya kutoipuuza. Katika magari mengi taa za dashibodi na taa ya gia hupata umeme katika njia moja na taa ndogo za nyuma. Ikizimika balbu ya gia peke yake, tatizo ni balbu. Zikizimika taa ya gia na mwanga wa dashibodi kwa pamoja, dereva asimame mahali salama, ashuke, azunguke nyuma ya gari. Yawezekana fyuzi imeungua, na gari linakwenda kwenye barabara kuu ya Arusha na Moshi bila taa nyekundu, huku lori likija nyuma yake.

Baadhi ya magari yana mashahidi wawili wa gia: herufi za kando ya mkono na herufi zinazowaka kwenye dashibodi. Wengi huziona kuwa kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, na sivyo. Herufi za kando ya mkono huonyesha mkono uliposimama. Za dashibodi hupata habari kutoka swichi iliyofungwa kwenye giaboksi yenyewe, chini ya gari. Baina ya mkono na giaboksi hiyo kuna kebo au fimbo zenye viungio vidogo vya raba au plastiki. Viungio vikilika, mkono unaweza kufika P na giaboksi ikabaki nyuma. Mwaka 2022 kampuni ya Ford iliyaita magari yapatayo milioni 2.9 nchini Marekani yarekebishwe kwa sababu ya kiungio kidogo cha namna hiyo kwenye kebo ya gia. Basi herufi za mkono na za dashibodi zikipingana, au dashibodi isipoonyesha herufi yoyote, gari lisiegeshwe mlimani mpaka fundi aangalie kebo na swichi.

Hata P iliyoingia sawasawa si ukuta. Ndani ya giaboksi ni jino dogo la chuma linaloingia katika gurudumu lenye meno na kulizuia lisizunguke. Dereva anayesimama mlimani, akaweka P, akaachia breki ya mguu, kisha akakumbuka breki ya mkono, ameutundika uzito wote wa gari juu ya jino hilo. Ndiyo maana asubuhi mkono hugoma kutoka na hutoka kwa kishindo. Utaratibu ulio bora ni kukanyaga breki ya mguu, kuweka N, kuvuta breki ya mkono, kuachia mguu taratibu mpaka gari litulie juu ya breki ya mkono, kukanyaga tena na ndipo kuweka P. Dereva wa gia za mkono hufanya vivyo hivyo, ila mwishoni huacha namba moja gari likitazama juu, au rivasi likitazama chini, na hukata magurudumu ya mbele kuelekea ukingoni.

Kuna na gari linalogoma kutoka P ingawa breki imekanyagwa. Otomatiki nyingi hufungia mkono wa gia mpaka zipate ishara ya breki, na ishara hiyo hutoka kwenye swichi ileile inayowasha taa za breki. Kando ya mkono kuna kitufe au kitundu chenye maandishi SHIFT LOCK. Kikibonyezwa, mkono huachia. Vijana wengi wanakifahamu. Wasichokifahamu wengi ni kwamba gari lililohitaji kufunguliwa kwa njia hiyo huenda halina taa za breki hata moja, na atakayeligonga kwa nyuma hatakuwa na kosa peke yake.

Kitabu cha maelezo kinachokuja na gari lililotumika Japani huwa kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo mengi hujifunzwa kwa kusimuliana, na masimulizi hupotoka. Mfano ni kitufe cha O/D. Kikibonyezwa, dashibodi huwasha maandishi ya rangi ya chungwa, O/D OFF, na wapo wanaoyachukulia kuwa ni ugonjwa. Yakiwaka bila kupepesa, yanasema tu kwamba gia nyepesi kuliko zote imefungiwa, jambo linalofaa sana anayeteremka kutoka Machame au anayeukaribia mteremko wa daraja la Mto Kikafu, kwa sababu injini husaidia kulizuia gari na breki hazichemki. Yakianza kupepesa yenyewe, hapo ndipo giaboksi inaomba fundi. Nafasi za 2 na L zina kazi hiyohiyo kwa miteremko mikali zaidi. B iliyomo katika Toyota Prius na ndugu zake si betri, kama inavyosemwa vijiweni. Nayo ni ya kupunguza mwendo mteremkoni. Anayeweka N, au frii kama ilivyozoeleka, ili aokoe mafuta, amejinyima msaada wa injini mahali anapouhitaji zaidi.

Magari mapya yameuondoa kabisa uhusiano wa mkono na chuma. Katika Prius iliyotoka mwaka 2003 mkono wa gia ni kijiti kifupi kwenye dashibodi: husukumwa upande wa D au R, kisha hurudi katikati chenyewe, na P ni kitufe. Mengine yana kirungu cha kuzungusha, mengine vitufe vitupu. Mkono umebaki kutuma ujumbe kwa umeme, na mahali uliposimama hapasemi lolote. Herufi iliyowaka ndiyo ushahidi pekee.

Gharama ya kutoisoma ilionekana Marekani. Katika Jeep Grand Cherokee za miaka ya 2014 na 2015 mkono wa gia ulirudi katikati kila baada ya kusukumwa, na madereva wakashuka wakiamini wameweka P kumbe bado. Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler ilitangaza kuyarekebisha magari yapatayo milioni 1.1, yakiwemo hayo. Tarehe 19 Juni mwaka huohuo mwigizaji wa filamu Anton Yelchin, mwenye umri wa miaka 27, alikutwa amefariki nyumbani kwake Los Angeles, amebanwa na Jeep yake iliyoteremka kwenye njia ya kuingilia nyumbani. Ilikuwa miongoni mwa zilizotangazwa. Njia ile ilikuwa na mwinuko, kama zilivyo njia za kuingilia nyumbani katika vijiji vingi vya Machame na Masama.

Kuhusu mapambo: vichwa vya gia vyenye taa kali za buluu huuzwa kwa wingi siku hizi. Jicho lililozoea giza hupofuliwa kidogo na mwanga mweupe au wa buluu ulio karibu nalo, na huvumilia zaidi mwanga mwekundu. Kampuni ya BMW kwa miaka mingi iliwasha dashibodi zake kwa rangi ya chungwa iliyoelekea wekundu. Usiku, kwenye barabara ya kutoka Bomang'ombe kwenda Sanya Juu, ambako ng'ombe na watembea kwa miguu hawavai taa, herufi hafifu inayosomeka inafaa kuliko pambo linalong'aa.

Waendesha bodaboda nao wana herufi yao, N ya kijani kwenye dashibodi. Huwashwa na swichi iliyo kwenye giaboksi, na isipowaka, pikipiki inayodhaniwa kuwa nyutro inaweza kuruka pindi klachi inapoachiwa. Bajaji nyingi hazina hata taa hiyo. Gia hupatikana kwa kuzungusha mshikio wa kushoto, namba zimechapwa kwenye plastiki, na plastiki husuguliwa na viganja mpaka namba zinapotea. Hapo rangi ya kucha hufaa tena. Na kwa kuwa bajaji haina P, ikiegeshwa mlimani inabaki na namba moja, breki yake, na jiwe zuri chini ya gurudumu la nyuma. Jiwe hilo liondolewe barabarani wakati wa kuondoka.